Familia Hotelini Dubai: Yamalize Kabla ya Kupanda Ndege

Kila likizo za shule zinapokaribia, wasomaji huuliza swali lile lile: tunakwenda Dubai na watoto, tufikie hoteli gani? Ni swali la haki, kwa sababu safari ya familia hula akiba ya mwaka mzima na hakuna mzazi anayetaka kuifuja. Ila ukisikiliza manung'uniko ya wanaorudi, ni nadra kusikia kwamba hoteli yenyewe ilikuwa mbovu. Vyumba vilikuwa safi, lifti zilifanya kazi, wahudumu walikuwa na adabu. Kilichowaumiza ni kitanda kilichokosekana saa saba za usiku, fedha zilizozuiwa kwenye kadi, chai ya asubuhi waliyodhani ni ya wote kumbe ni ya watu wawili. Karibu kila mara jambo hilo ama lilikuwa limeandikwa tangu siku waliyolipia na hawakulisoma, ama halikuandikwa popote na wao wakalichukulia kuwa limeeleweka.

Hoteli kubwa si kama gesti ya nyumbani, ambako mwenyewe yupo na mnaweza kuelewana mlangoni. Hoteli ya vyumba mia tano huendeshwa kwa kompyuta na kanuni. Kijana wa mapokezi zamu ya usiku anasoma kilicho kwenye kioo mbele yake. Kama pameandikwa watu wazima wawili nanyi mmesimama sita, hana mamlaka ya kuwaongezea kitanda bure hata kama moyo wake unataka. Kwa hiyo ushauri wangu hapa ni mmoja tu, mengine yote ni matawi yake: kila kinachohusu familia yako kimalizwe kwa maandishi kabla hujaondoka nyumbani, wakati hoteli bado inakutaka na wewe bado una nafasi ya kwenda kwingine. Ukishafika na watoto wanasinzia juu ya masanduku, nguvu ya kujadiliana imekwisha.

## Hesabu vichwa, na umri wa kila kichwa

Kosa linaloongoza ni kulipia chumba cha watu wawili kwa matumaini kwamba watoto watajibana. Nyumbani tunatandika godoro chini na mambo yanakwisha. Hoteli kubwa ina kikomo cha watu kwa kila chumba, na kikomo hicho hakibadiliki kwa huruma. Vyumba vingi vya kawaida Dubai hupokea watu wazima wawili na mtoto mmoja au wawili, basi. Na hata neno mtoto lina maana tofauti kila unapokwenda: hoteli moja humhesabu mtoto mpaka miaka 12, nyingine humkatia kwenye miaka 6. Bibi ni mtu mzima, dada anayekusaidia kulea naye ni mtu mzima, na kijana wa kidato cha kwanza huenda akalipiwa kama baba yake.

Kabla ya kulipa, iandikie hoteli barua pepe, hata kama unanunua kupitia wakala, na utaje haya:

- Idadi ya watu wazima na umri wa kila mtoto kwa tarehe ya safari, si kwa tarehe ya leo.
- Aina ya vitanda: kimoja kipana, au viwili vya mtu mmoja mmoja.
- Kitanda cha ziada kinalipiwa kiasi gani kwa usiku, na je, chumba hicho kinaruhusu kuongezwa?
- Kitanda cha mtoto mchanga kinapatikana bure au kwa malipo?
- Chai ya asubuhi ni ya watu wangapi, na watoto wa umri gani hawalipi.
- Kama ni vyumba viwili, je, vina mlango wa ndani unaoviunganisha?

Hilo la mwisho limewaponza wengi. Vyumba vilivyopakana si sawa na vyumba vilivyounganishwa. Vilivyopakana viko ubavu kwa ubavu, lakini ili mama amfikie mtoto usiku lazima atoke korido. Vilivyounganishwa vina mlango katikati, unaufungua mkawa kama nyumba moja. Ukiomba bila kufafanua utapewa vilivyopo. Na soma jibu kwa makini: ukiambiwa kwamba ombi lako limepokelewa, bado hujapewa kitu, kwa sababu ombi hutimizwa nafasi ikiwepo. Neno unalolitafuta ni kwamba limethibitishwa. Lisipokuwepo, andika tena.

Familia ya watu watano au zaidi, au yoyote itakayokaa wiki nzima, ifikirie pia hoteli za aina ya fleti. Dubai zimejaa, zina leseni kama hoteli nyingine, na nyingi zina jiko, friji na mashine ya kufulia. Wapo wanaosema hawaendi ng'ambo kupika. Sawa, lakini mwenye mtoto wa mwaka mmoja anajua thamani ya kuchemsha uji saa kumi na moja alfajiri bila kumpigia mtu simu.

## Tarehe ya kufika

Ndege nyingi kutoka Afrika Mashariki hutua Dubai usiku mnene, na Dubai iko saa moja mbele yetu. Hapo ndipo mtego ulipo. Tuseme unatua tarehe 15 saa saba usiku, yaani saa moja tu baada ya usiku wa manane. Ukilipia chumba kuanzia tarehe 15, umelipia chumba kinachofunguliwa tarehe 15 saa nane mchana au saa tisa alasiri, ndio wakati hoteli nyingi huanza kupokea wageni. Utakaa ukumbini na watoto zaidi ya saa kumi na mbili. Usiku unaouhitaji unaitwa tarehe 14, nao lazima ulipiwe.

Wengine huona huo ni ubadhirifu, kulipia usiku mzima kwa saa tano za kulala. Mtu mmoja mwenye begi la mgongoni anaweza kuvumilia kwenye kiti. Familia haiwezi: siku ya kwanza yote itaharibika, na mwisho utalipa fedha ile ile kwa kuomba chumba cha dharura, tena kwa bei ya kaunta. Lipa tarehe 14, kisha iandikie hoteli kwamba utafika baada ya saa sita usiku na utaje namba ya ndege. Usipofanya hivyo wanaweza kukuhesabu kuwa hukutokea, wakakigawa chumba chako.

## Bei uliyoiona si bei utakayolipa

Tovuti nyingi huonyesha bei ya chumba kitupu. Juu yake Dubai kuna tozo nne, na unapaswa kuzijua kwa majina:

- Ada ya huduma ya hoteli, kwa kawaida 10%.
- Ada ya manispaa, 7%.
- Kodi ya ongezeko la thamani, 5%, iliyoanza Januari 2018.
- Dirham ya Utalii, iliyoanza 2014: dirham 7 hadi 20 kwa kila chumba kwa kila usiku, kulingana na daraja. Hoteli ya nyota tano ni 20, nyota nne ni 15, nyota tatu ni 10.

Chukua mfano. Hoteli ya nyota nne imeandika dirham 400 kwa usiku bila tozo. Ongeza 40 za huduma, 28 za manispaa, kama 22 za kodi, na 15 za utalii: unakaribia 505. Kwa vyumba viwili na usiku tano, ulichodhani ni dirham 4,000 kimekuwa zaidi ya 5,000. Dirham imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1997 kwa kiwango cha 3.6725, kwa hiyo tofauti hiyo ni kama dola 285. Ni fedha za chakula cha familia kwa siku kadhaa.

Utauliza: si nimelipa kila kitu mtandaoni? Pengine umelipa tatu za kwanza. Dirham ya Utalii hoteli nyingi huichukua mapokezi hata kwa aliyelipa yote mapema, na hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia kwa sababu mgeni anahisi ameibiwa. Hajaibiwa, ilikuwa kwenye maandishi madogo. Swali la kuandika ni moja: jumla ya fedha zote, tozo zote zikiwemo, ni kiasi gani, na ni kiasi gani kitadaiwa siku ya kufika?

## Fedha zinazozuiwa kwenye kadi

Hili ndilo linaloleta machozi kaunta. Ukifika, hoteli itaomba amana kwa ajili ya gharama ndogondogo au uharibifu. Mara nyingi ni mia kadhaa za dirham kwa kila chumba, na nyingine huhesabu kwa kila usiku. Fedha hizo hazikatwi. Zinazuiwa: zipo kwenye akaunti yako lakini huwezi kuzigusa. Mwenye kadi ya mkopo hahisi uzito wake. Sisi wengi tunatumia kadi ya kawaida ya benki, inayochota moja kwa moja kwenye akiba, na kwetu dirham 1,000 zilizozuiwa ni dirham 1,000 zisizoweza kununua chakula. Mbaya zaidi, hoteli ikiziachia siku mnayoondoka, benki ya nyumbani inaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki mbili au zaidi, kabla hazijarudi kuonekana.

Jipange hivi:

- Uliza mapema kiasi cha amana na kama fedha taslimu zinakubalika. Zikikubalika, zitoe, udai risiti, na uichunge kama pasipoti.
- Usiweke akiba yote ya safari kwenye kadi moja. Moja ibebe amana, nyingine ibebe matumizi.
- Iarifu benki yako kwamba utatumia kadi nje ya nchi. Kadi kukataliwa saa nane usiku ni balaa.
- Kadi za mtandaoni za kwenye simu hufaa kulipia tovuti, lakini mapokezi mara nyingi wanataka kadi ya plastiki yenye jina la anayeingia.
- Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa dirham, chagua dirham. Ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilishia hupangwa na mwenye mashine, nacho kwa kawaida hukuumiza.

Onyo moja zaidi, kwa sababu linagusa undugu wetu. Shemeji aliye Muscat au dada aliye London akikulipia chumba kwa kadi yake, hoteli inaweza kudai kumwona yeye na kadi, au fomu aliyoisaini kuruhusu malipo. Mwambie aiombe fomu hiyo hotelini na kuirudisha kabla hamjaondoka nyumbani.

## Kaunta ya mapokezi

Hoteli za Umoja wa Falme za Kiarabu hutakiwa kusajili kitambulisho cha kila mgeni, na mtoto mchanga yumo. Pasipoti za wote ziwe mkononi, zisiwe chini ya sanduku la tatu. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto, hasa jina lake linapotofautiana na lao, abebe nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake. Huenda asiulizwe popote. Akiulizwa bila karatasi hizo atakaa benchi.

Barua ya uthibitisho ichapishe. Simu huzima, na mtandao wa uwanja wa ndege si wa kutegemea. Mzazi mmoja akae na watoto kwenye viti, mwingine asimame kaunta na karatasi yake, apitie mstari kwa mstari: vyumba viwili, mlango wa ndani, kitanda cha mtoto, chai ya watu sita. Tofauti ikiwepo isemwe hapo hapo, kabla ya kusaini.

Kuna wanaoona haya. Wanahofia kwamba kuuliza sana kutawafanya waonekane washamba kwenye ukumbi wa marumaru. Lakini tazama wageni waliozoea: ndio wanaouliza zaidi, na hawaoni aibu yoyote. Kama Kiingereza ni kizito kwako, barua pepe uliyoandika mapema, kwa msaada wa mwanao au jirani, inasema kwa niaba yako. Dubai pia kuna vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania kwenye kazi za hoteli, na salamu ya Kiswahili huleta tabasamu. Mwombe kijana huyo akueleweshe. Usimwombe akupe kisicho chako, kwa sababu kazi yake inaweza kuota mbawa kwa kitanda kimoja.

## Nusu saa ya kwanza chumbani

Watoto wataruka kitandani na kukimbilia dirishani. Waache kidogo, kisha fanya kazi hii kabla ya kufungua mabegi, hata kama ni usiku na umechoka.

Anza na baraza na madirisha. Hoteli ya ghorofa ishirini ina kingo za kumzuia mtu mzima, ila kiti kilichosogezwa karibu na kingo ni ngazi ya mtoto wa miaka mitatu. Viingize ndani viti na meza ndogo za barazani. Funga kitasa, kisha ujaribu kama mtoto anakifikia. Kama unasafiri na watoto wa umri huo, andika mapema uombe chumba kisicho na baraza. Mandhari utaiona kupitia kioo.

Pili, ngazi za dharura. Usiku wa Desemba 31, 2015, saa chache kabla ya fataki za mwaka mpya, moto ulishika jengo la hoteli lenye ghorofa 63 karibu na Burj Khalifa, na wageni walishuka kwa ngazi wakiwa na nguo walizovaa. Wakati wa moto lifti haitumiki, na moshi ukishajaa korido huoni mshale wala maandishi. Kwa hiyo watoe watoto korido, wote, washike ukuta kwa mkono wa kushoto au wa kulia kulingana na upande wa ngazi, na mhesabu milango kwa sauti: wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka mlango wa ngazi. Kama ni wa saba, basi saba ndiyo namba yao ya safari hiyo. Usukume ule mlango, uone kweli unafunguka, mrudi mkihesabu tena. Inachukua dakika tano. Mtoto wa miaka saba akiamshwa usiku na kuulizwa, atasema saba.

Kisha mpe kila mtoto kadi ya hoteli yenye jina na anwani, aiweke mfukoni. Kadi hiyo isiandikwe namba ya chumba. Kubalianeni pia juu ya lifti: mlango ukifungwa mmoja akabaki ndani, ashuke mpaka mapokezi na asimame hapo hapo. Aliye nje asimkimbize ghorofa kwa ghorofa.

Mambo ya umeme hayana shida: plagi za huko ni zile za pini tatu bapa tunazozijua. Maji ya chupa yanayotolewa bure huwekwa mezani. Yaliyo ndani ya friji ndogo yana bei, pamoja na chokoleti zote, na katika baadhi ya hoteli friji yenyewe hutambua kitu kikiondolewa. Wapigie mapokezi waviondoe vitu hivyo au waifunge friji.

## Bwawa la kuogelea

Hapa naomba msinielewe kuwa natisha bure. Mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Kinywa kinajaa maji, hana pumzi ya kuita, na dakika mbili zinatosha. Mlinzi wa bwawa anaweza kuwepo au asiwepo, na akiwepo ana macho mawili kwa watu sitini. Wajibu ni wa mzazi, tena mmoja anayetajwa kwa jina: mama, zamu yako mpaka saa kumi. Mkisema wote tunaangalia, hakuna anayeangalia, hasa simu zikiwa mkononi. Asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako, na maboya ya mkononi yasikudanganye, kwani huchomoka na kuteleza. Soma kina kilichoandikwa ukingoni kwa mita, mwonyeshe mtoto kinapobadilika.

Kuanzia Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo ogeleeni asubuhi mapema au jua likielekea kuzama. Anayevaa mavazi ya kusitiri mwili aulize sheria ya bwawa kabla ya kulipia. Mengi huyaruhusu, ila yawe ya kitambaa cha kuogelea.

## Chakula

Meza ya asubuhi ndiyo akiba kubwa ya familia, nayo kwa kawaida hufungwa saa nne au saa nne na nusu. Anayelala mpaka saa tano ametupa fedha alizolipa. Hoteli nyingi Dubai hutumia nyama halali, lakini zile kubwa za kimataifa zinaweza kuwa na nguruwe kwenye sehemu yake yenye kibandiko. Wafundishe watoto kuuliza kwanza. Chakula cha kuagiza chumbani kina bei ya juu na ada yake. Ukifikia mtaa wa Deira, ambako wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wamezoea, utashuka na kukuta wali, kuku na chapati kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

Usibebe jiko la umeme ukalitumie chumbani kisicho na jiko. Moshi huwasha king'ora, na faini huandikwa kwenye bili yako.

## Siku ya kuondoka

Mwisho wa kukaa chumbani kwa kawaida ni saa sita mchana. Ndege yenu ikiwa ya usiku, uliza jana yake, si asubuhi ile, kama mnaweza kuongezewa saa chache na kwa bei gani. Wakikataa, mizigo hutunzwa bure, na hoteli nyingi huwaruhusu wageni kuendelea kutumia bwawa na bafu zake mpaka waondoke. Hivyo nguo za kubadilisha zikae kwenye begi dogo la mkononi.

Bili iombe usiku wa mwisho, isomwe ukiwa umekaa. Kitu usichokitambua kiulizie usiku ule ule, wakati aliyekiandika huenda bado yuko zamu. Asubuhi kukiwa na foleni na teksi inasubiri, watu husaini chochote. Mkimaliza, omba karatasi inayoonyesha deni ni sifuri na amana imeachiwa, yenye tarehe. Itunze mpaka uone kwenye akaunti yako kwamba fedha zimerudi; zikichelewa, hiyo ndiyo karatasi utakayoipeleka benki.